Herufi Juu ya Kichwa cha Mama Mkwe

Mwaka wa sitini na nne nilianguka mtihani wa macho, na siku hiyo macho yangu yalikuwa makali kuliko ya mwewe. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanihurumia bure. Nilikuwa naona. Niliona hata nzi aliyetua pembeni mwa ule ubao wa herufi, akisugua mikono yake kama mtu anayesubiri chakula. Shida haikuwa kuona. Shida ilikuwa mtu aliyekaa chini ya ubao.

Jina langu ni Phineas Shivachi. Shule niliiachia darasa la tatu, kwa sababu mwalimu alipenda fimbo kuliko hesabu, na mimi nilipenda ng'ombe kuliko vyote viwili. Lakini trekta nalijua. Miaka kumi na mmoja niliendesha trekta la Mzungu mmoja upande wa Likuyani, nikilima mahindi yake, mpaka Uhuru ulipokuja akauza shamba, akampa mpishi paka wake, akaenda zake. Shamba likakatwa vipande, watu wakaingia, wakaunda chama cha ushirika, na chama kikanunua trekta lile lile. Trekta lilibaki. Dereva ndiye aliyerudishwa nyumbani.

Miezi minne nilikaa nikichimbua viazi vitamu vya mke wangu Jael. Jael hakusema kitu. Wenye wake wanajua kwamba hilo ni baya kuliko kusema.

Kisha katibu wa chama, Bwana Hezekiah, akaniletea habari. Dereva anatakiwa. Wanaoomba ni wawili, mimi na mtu mmoja wa Turbo. Lakini mambo sasa ni ya utaratibu, mkono wa usukani peke yake hautoshi. Lazima daktari aandike kwamba kifua ni kizuri, mkojo ni mzuri na macho ni mazuri. Jumamosi saa saba mchana Landrova ya chama ingeondoka mbele ya posta ya Kakamega. "Mwenye karatasi atapanda," alisema Bwana Hezekiah. "Asiye na karatasi atatupungia mkono."

Kwa hiyo Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa kwa Daktari Fungua.

Hilo si jina alilopewa na mama yake. Alikuwa Mgoa mfupi, mwenye chumba cha matibabu kwenye safu ya maduka, kati ya duka la vitambaa na fundi wa saa. Kiswahili chake kilikuwa na neno moja lililofanya kazi ya maneno yote. Fungua mdomo. Fungua shati. Fungua jicho. Ukimwambia hupati usingizi anakuambia fungua dirisha. Lakini watu walimpenda, maana hakukosea mara nyingi, na akikosea alikuja kwako na gari lake kukuambia kwamba amekosea. Sijamwona mwingine wa namna hiyo, wala katika madaktari wala katika wachungaji.

Kabla ya kumfikia daktari, unapita kwanza kwa Jescah. Jescah ndiye aliyeandika kadi, na Mungu alimpa sauti moja tu, ile ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja mwenye kofia. Aliinama mpaka ndevu zikagusa meza, akanong'ona. Jescah akawa anaandika huku anasoma.

"Choo... ngumu... siku... sita."

"Pole, mzee," benchi lote likasema.

Ikawa zamu yangu. "Wewe unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Huumwi? Sasa umefuata nini kwa wagonjwa?"

"Nataka karatasi ya kazi. Ya kuendesha trekta."

"Huyu ni mzima!" Jescah akatangaza. "Ametaka karatasi tu ya trekta!"

Benchi likanitazama kama mtu aliyekuja matangani kuomba chumvi. Mtu mmoja aliyefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu limevimba kama embe, akasogea kidogo nikae. Huyo alikuwa Protus, fundi cherehani wa Amalemba. Jino lilikuwa limemzuia kula obusuma, ugali wetu, siku tatu, lakini halikumzuia kusema.

"Mzima kukaa na wagonjwa ni hatari," akaniambia. "Utaondoka na kitu."

"Nitaondoka na karatasi."

"Haya. Ngoja ukutane na Barnaba."

Barnaba alikuwa dresa, ndiye afungaye vidonda na kupiga sindano. Alikuwa Mtaita, kazi alijifunza jeshini wakati wa vita vya Bama, kule walikopigana na Wajapani, na kwake yeye vita havijaisha. Mgonjwa hakuitwa, aliamriwa. Alinipima uzito, akapiga kelele namba yake kwa Jescah. Akanipa chupa ndogo. "Nyuma ya nyumba! Jaza! Rudi!"

Nikaenda nyuma ya nyumba. Nilikawia, kwa sababu mkojo ni kama ng'ombe mwoga, ukiuita kwa haraka hauji. Hatimaye ukaja. Nikarudi nimeinua chupa mbele yangu kwa vidole viwili, nisimwage, nikaingia mlangoni.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale.

Sijui niwaeleze vipi watu wa mbali. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Ukimwona njiani unaingia kwenye mahindi. Yeye naye akikuona anaingia kwenye mahindi ya upande wa pili, na njia inabaki tupu kama kuna chui. Wengine humpelekea mama mkwe blanketi, mambo yakapungua ukali. Mimi blanketi nilikuwa nimeliahidi tangu mtoto wangu wa kwanza, na mtoto huyo sasa ana ndevu. Nilikuwa nimeoa kwa yule mama miaka ishirini, na nilimfahamu zaidi kwa mgongo.

Sasa nilisimama mbele yake, hatua tano, nimeshika mkojo wangu kwenye mwanga wa jua.

Nilirudi kinyumenyume. Nikagonga kizingiti, nikatoka, nikajibanza ukutani nje. Niliposikia Barnaba akinguruma "Shivachi! Mkojo!" nikazunguka hadi dirishani nikaipitisha chupa kati ya nondo.

"Mlango umefanya nini?" akauliza.

"Hakuna. Napenda dirisha."

Nilichungulia nikaelewa hali yote. Mwanawe alikuwa amemleta kwa baiskeli kutoka Navakholo, akamshusha, akaenda sokoni. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba kama boga. Kwa hiyo walimpa kiti pekee chenye mgongo, na kiti hicho kilikuwa ukutani mwa mbele, karibu na mlango wa daktari. Na juu ya kiti, umepigiliwa misumari minne, palikuwa na ubao wa macho. Herufi kubwa moja juu, kubwa kama sufuria, halafu zinapungua mstari kwa mstari mpaka zile za chini zilizofanana na chawa. Ile herufi kubwa ilikuwa kama kiganja kimoja juu ya kilemba chake.

Barnaba alikuwa amechora mstari mweupe sakafuni. "Shivachi! Macho! Ingia! Simama hapa!"

Nikaingia. Nikasimama kwenye mstari. Uso nikaugeuza kwenye kabati la bandeji.

"Tazama mbele!"

"Natazama."

"Unatazama kabati. Mbele!"

Nikafumba macho.

"Sasa umelala. Soma herufi ya juu!"

Pembeni mwa jicho niliona mama mkwe amejivuta leso kichwani, ameelekeza uso wake kwenye mlango wa daktari, naye anateseka vile vile. Ningeinua macho kutafuta ile herufi ningepita usoni mwake kwenda na kurudi.

"Siwezi," nikasema.

"Hii? Kubwa hii? Kipofu wa kuombaomba anaiona hii!"

"Siwezi leo."

Barnaba akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika kwenye kadi yangu. "Macho, mabaya. Hata mstari wa kwanza, hapana."

Nikamvuta mkono mpaka karibu na kabati. Nikamnong'oneza kwamba yule aliye chini ya ubao ni mama yake mke wangu. Lilikuwa kosa kubwa. Barnaba alifanya kazi miaka mingi karibu na mizinga.

"Ati unaogopa mama mkwe?" akapaza sauti. "Mimi ubao huu nimeusomesha askari, mabomu yanalia!"

"Bomu si mama mkwe," Protus akasema kutoka ndani ya kitambaa chake.

"Kweli," akadakia Nabwire, mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, aliyekuja na jipu la kwapa na kapu lake. "Bomu likipita limepita. Mkwe utakutana naye matangani."

"Hii ni Kenya ya Uhuru," akasema Barnaba. "Mila hizi muache."

"Muache ninyi kwenu Taita kwanza mtuonyeshe," akasema Protus.

"Basi tumsogeze mama. Mshikeni huku na huku."

"Usimguse!" nikasema, nikakimbia nje. Mimi nisababishe mama mkwe wangu abebwe kama gunia, goti lile likipiga kelele, ili nipate kusoma ukuta? Afadhali ningekwenda Turbo nikamfundishe yule mwenzangu kuendesha.

Nikaenda dirishani kwa Jescah. "Dada, tafadhali. Yule mama wa kitini, mtangulize kwa daktari. Akiingia tu ndani nitasoma."

"Ana namba kumi na nne. Daktari ametoka kwenda kumwona mgonjwa, na akirudi anaanza na namba tatu. Nikimtanguliza mmoja hawa wengine watanitafuna."

"Ni mzee. Anaumwa."

"Hapa nani haumwi? Isipokuwa wewe. Haya, nitajaribu kumwomba daktari. Nitoe kadi ya nani?"

"Ya yule mama."

"Wamama wako watano. Jina lake?"

Nikanyamaza. Jescah naye akanyamaza, kalamu juu. Msichana wa hapa hapa alijua kabisa kwa nini nimenyamaza. Jina la mama mkwe halipiti mdomoni mwa mkwe. Hata sasa, kwenye karatasi hii, mkono unakataa.

"Huwezi kulitaja," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikashuka. Kisha akacheka mpaka akaangusha kadi. "Pole, kaka. Namba ni namba."

Saa tano daktari akarudi. Kadi yangu ikapelekwa ndani. Mimi mwenyewe sikuweza kuifuata, maana mlango wa daktari uligusana na lile goti. Baada ya muda kadi ikatoka, na Jescah akatangaza kama anavyotangaza.

"Shivachi! Daktari amesema kifua atasikiliza ukitaka, mkojo si mbaya, lakini kama huoni, huendeshi! Karatasi ya trekta hakuna!"

Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha, nje, mgongo ukutani. Ng'ambo ya barabara niliona Landrova ya kijani ikipita taratibu kuelekea posta. Bwana Hezekiah alikuwa mbele, amevaa tai. Nyuma alikaa mtu mmoja nisiyemjua, ameshika bahasha magotini kama mtu ashikaye kuku. Huyo ndiye wa Turbo.

"Miezi minne," nikasikia Nabwire akimwambia Protus ndani. "Mke wake huja kwangu kuchukua omena. Siku hizi anachukua za kikombe kidogo. Mwanamke mpole, Jael. Halalamiki."

Nikasikia kiti kikilia, kile kiti chenye mgongo.

"Mwanangu," ikasema sauti ya mama mkwe wangu. Haikusemwa kwangu. Ilielekezwa kwa Nabwire, lakini kwa ukubwa wa kufika dirishani. "Mwanangu, hebu nisaidie. Humu ndani kuna watu?"

"Tumejaa, mama. Huoni?"

"Sioni. Macho yangu yamekwisha. Naona ukungu tu, ukungu mweupe, kama asubuhi ya mwezi wa sita."

"Mama, si umekuja kwa goti?" akauliza Jescah. "Kadi yako imeandikwa goti."

"Goti na macho. Yaliamua kufa mwezi mmoja, kwa kuoneana wivu. Wewe andika macho pia." Akajiweka vizuri kitini. "Nasikia ati kuna mtu anataka kusoma ukuta. Mimi sijui ni nani, nitajuaje? Kama anataka asome. Kipofu si mtu wa kuonewa haya. Kipofu ni ukuta tu, na huo ukuta mwingine uko juu yake."

Nikasikia saa za fundi wa jirani zikigonga, zote pamoja, na hakuna iliyokubaliana na mwenzake.

Protus ndiye aliyeamua kesi. Alijifungua kitambaa kabisa, aseme vizuri. "Wamesema wazee, macho hayana pazia. Lakini huyu mama yake yameota pazia lenyewe. Asiyekuona hukumvunjia heshima. Mkwe, ingia."

"Na leso naongeza," akasema mama mkwe, akaifunika uso wote, mpaka kidevuni. "Baridi."

Jua lilikuwa likichoma mabati.

Nikaingia. Nilipita ukutani kama mwizi, nikasimama kwenye mstari mweupe. Barnaba alikuwa ameanza kufurahia jambo hili, akajinyoosha. "Macho mbele! Soma!"

Nikainua macho. Kwanza nikaiona ile leso. Ilikuwa ya rangi ya machungwa, yenye maua meusi, na maandishi yake siyakumbuki, ingawa niliyaona vizuri sana. Kisha nikapanda juu yake, kwenye herufi. Nikasoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili. Wa tatu nikausoma upesi upesi, kama mtu anayekanyaga mawe kuvuka mto. Nikafika wa nne.

"Hiyo ya kwanza?"

"Ala," nikasema.

"Siyo."

"Ndiyo. Ala."

"Shivachi, nakuuliza mara ya mwisho. Ni ela ya lori, au ni ara ya redio?"

"Ya ledio."

Benchi likapasuka. Protus alishika shavu akilia kwa maumivu na kicheko pamoja. Hata yule mzee wa siku sita alicheka, akasimama ghafla, akatoka mbio kuelekea nyuma ya nyumba, na wote tukamtakia heri.

"Lori au redio?" akanguruma Barnaba. "Chagua!"

"Nimesema ledio! Ile inayosema habari!"

"Hajui herufi," akasema Barnaba, akachukua kalamu. "Macho yanafika mstari wa tatu tu."

Ndugu zangu, ulimi wangu ulizaliwa hapa Kakamega, na hapa l na r hulala kitanda kimoja. Sikuwa na namna. Niliona kalamu inashuka kwenye kadi. Niliona Landrova. Nikatamani mwalimu wangu wa darasa la tatu angekuwepo, nimrudishie fimbo moja.

Mlango wa daktari ukafunguka. "Nini kelele? Mimi nasikiliza moyo, nasikia soko."

Barnaba akapiga saluti, akaeleza. Daktari akanitazama. Akatazama ubao. Akatazama mwanamke aliyefunikwa uso wote, ameketi wima chini ya ubao kama fanicha inayosubiri kuhamishwa. Sidhani kama alielewa, lakini alikuwa ameishi Kakamega muda wa kutosha kujua kwamba si kila kitu ni cha kuuliza. Akatoa chaki mfukoni mwa koti.

"Mdomo funga," akaniambia. Hiyo ndiyo siku pekee niliyosikia akitumia neno lile lingine. "Andika."

Nikapiga magoti, nikaandika sakafuni herufi yenye kichwa cha mviringo na mguu mmoja uliotupwa mbele kama mtu anayepiga mpira. Barnaba akainama. Akaenda ukutani akalinganisha.

"Ni ara," akakubali, kwa shida.

"Endelea," akasema daktari.

Nikaandika mstari wa nne wote. Nikaandika wa tano. Nikaandika wa sita, zile herufi za chawa, na hapo Barnaba ilimlazimu asogee mpaka pua ikakaribia ubao, na bado akatoa miwani.

"Wewe ndiye andika karatasi ya macho?" daktari akamwuliza. "Kesho fungua macho, mimi pima wewe."

Kisha akanifungua shati, akasikiliza kifua pale pale sakafuni, akatia sahihi na kupiga muhuri mgongoni mwa Protus kwa sababu meza ilikuwa mbali. Saa ya ukutani ilisema saa saba kasoro dakika kumi.

Nilifika mlangoni nikasimama. Mtu hawezi kuondoka hivi hivi. Lakini pia mtu hawezi kumshukuru mama mkwe wake mbele ya watu kumi na tatu, wala hata mbele ya mmoja. Nikaweka mkono kwenye fremu ya mlango.

"Asante, mlango," nikasema.

Kutoka ndani ya leso ikatoka sauti. "Mlango umesikia. Mlango unasema nenda, utachelewa."

Nilikimbia. Nilipita duka la vitambaa, nikapita watu wa baiskeli, nikapita askari aliyeniambia nisikimbie. Landrova ilikuwa imeshawashwa. Bwana Hezekiah akaipokea karatasi kwa dirisha, akaisoma yote pamoja na muhuri. Akageuka nyuma, akachukua bahasha ya yule wa Turbo, akaifungua. Ilikuwa barua ya kumsifu kutoka kwa mjomba wake.

"Hii si ya daktari," akasema.

"Mjomba wangu anajua sana magonjwa," akasema yule mtu.

Alishuka. Alitupungia mkono, kwa haki yake. Mimi nikapanda.

Nilianza kazi Jumatatu. Trekta lilinikumbuka, hata ile gia ya tatu inayokataa mpaka uitukane. Mwisho wa mwezi, nilipolipwa, kabla ya kununua kitu kingine nilinunua blanketi zito jekundu, nikampa Jael alipeleke Navakholo. Nilimwambia pia amwulize mama hali ya macho yake, kwa heshima, maana daktari wa macho huja hospitali kuu mara moja moja, na mimi sasa nina kazi, naweza kumsafirisha.

Jael alirudi Jumapili jioni. Akaweka kapu chini, akakaa, akaanza kuvua viatu taratibu. Niliona anabana midomo.

"Mama amefurahi," akasema. "Amesema rangi ni nzuri sana. Na kuna uzi umekatika pembeni, mle ndani ya mshono, amesema ukinunua lingine uangalie."

"Uzi?"

"Mdogo sana. Mimi mwenyewe sikuuona mpaka aliponionyesha."

Nikaweka kikombe changu cha chai chini.

"Pia amesema lile koti lako la kahawia limechanika kwapa la kushoto, nilishone. Na amesema jambo lingine, lakini sijui kama nikuambie."

"Sema."

Jael akatazama ukutani, kama wanavyotazama watu wa kwao wakitaka kusema ukweli.

"Amesema, mwambie mume wako anywe maji mengi. Rangi ile ya kwenye chupa haikuwa nzuri."